Kuruka Mara Moja Hakuithibitishi Ndege

Kila ndege iliyoundwa nyumbani inapoinuka kwa mara ya kwanza, watu hupiga makofi, hupiga picha, kisha hutoa hukumu. Imeruka, imetua, mwenyewe yu mzima: kazi imekwisha. Hukumu hiyo husikika kwenye mabanda ya viwanja vidogo vya ndege vya Marekani, nchi ambako uundaji wa ndege nyumbani umekita mizizi kuliko kwingine, na husikika vilevile Nairobi na Dar es Salaam kila video ya kijana aliyejiundia ndege uani inapopita kwenye simu za watu. Yanayofuata baada ya siku hiyo, yaani saa za majaribio, kadi za vipimo na kufungua tena kilichokwisha kufungwa, huhesabiwa kuwa urasimu wa watu wa ofisini.

Wenye maoni hayo wana hoja, na ni haki zielezwe kwa nguvu zake zote. Wanasema kanuni za maumbile hazina upendeleo: bawa lililoibeba ndege leo litaibeba kesho. Wanasema wengi wao hawakubuni chochote kutoka kichwani, bali walinunua seti ya vipande kwa kampuni iliyouza maelfu ya seti hizohizo, na injini yao imetoka kiwandani. Wanasema hesabu ya saa 25 au 40 za majaribio ilipangwa na maofisa, wala hakuna kinachobadilika ndani ya bati saa ya 39 inapogeuka kuwa ya 40. Wanasema hakuna anayeijua ndege kuliko mtu aliyepiga kila ribiti kwa mkono wake. Na hitilafu ikijitokeza, kipuri hubadilishwa, safari huendelea.

Maoni haya yamekosea, na ubaya wake ni kwamba anayeyatoa mara nyingi siye anayeyalipia. Hulipiwa na abiria wa kwanza atakayeketi kwenye kiti cha pili, na mnunuzi atakayekuja miaka kumi baadaye. Mwaka 2012 NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilitoa utafiti juu ya ndege zilizoundwa na watu binafsi. Iligundua kuwa ndege hizo zilikuwa karibu asilimia 10 ya ndege zote za nchi hiyo zisizo za mashirika ya usafiri wala za jeshi, lakini mwaka 2011 zilihusika katika takriban asilimia 15 ya ajali za kundi hilo, na asilimia 21 ya ajali zilizoua. Katika ajali 224 zilizochunguzwa, sababu mbili ziliongoza: injini kuishiwa nguvu, na rubani kupoteza udhibiti hewani. Zaidi ya nusu ya ajali hizo zilihusu ndege zilizokwisha kuuzwa, zikiwa mikononi mwa mtu asiyeziunda. Huyo mtu wa pili hayumo kwenye picha za siku ya makofi.

1. Kuruka ni ushahidi wa jambo moja tu

Dunia nzima inaijua tarehe 17 Desemba 1903, siku Orville na Wilbur Wright walipopaa mara nne kwenye mchanga wa Kitty Hawk, North Carolina. Mara ya kwanza walikaa hewani sekunde 12, mara ya nne sekunde 59. Kisichokumbukwa sana ni kwamba siku hiyohiyo upepo uliipindua ndege ile ikavunjika, na haikuruka tena. Kwa kipimo cha wapiga makofi wa leo, kazi ilikuwa imekwisha. Ndugu wale wawili hawakuona hivyo. Walirudi kwao Ohio wakapambana na matatizo kwa miaka miwili zaidi kwenye malisho ya Huffman Prairie, nje ya mji wa Dayton.

Mwaka 1904 waliruka mara 105, na muda wote wa hewani ukijumlishwa haukufika saa moja. Ndege yao mpya ilikuwa ikipanda na kushuka kwa mawimbi, pua juu, pua chini, kiasi kwamba rubani alikuwa akipigana nayo kila sekunde. Tarehe 14 Julai 1905 Orville alianguka na ndege yao ya mwaka huo. Hapo hawakubadilisha kipuri kilichovunjika na kuendelea. Walirudi kwenye chanzo: kidhibiti cha mbele kilichoinua na kushusha pua wakakifanya kikubwa zaidi na kukisogeza mbali na mabawa. Ndege ikatulia.

Hata baada ya hapo ilibaki na tabia ya pili. Ikigeuzwa kwa kona kali, mara nyingine ilikataa kunyooka. Mwishoni mwa Septemba 1905, Orville akiwa anakaribia kuugonga mti, alishusha pua na ndege ikatii. Walielewa basi kuwa kwenye kona bawa hubeba mzigo mkubwa kuliko kwenye mstari ulionyooka, na likikosa mwendo hewa huacha kulishika. Hali hiyo marubani wa leo huiita stoli. Tarehe 5 Oktoba 1905 Wilbur alizunguka malisho kwa dakika 39 akaenda kilomita 39, hadi mafuta yakaisha. Kati ya sekunde 12 za kwanza na dakika 39 hizo kuna karibu miaka miwili ya kazi ambayo maoni yanayojadiliwa hapa yangeifuta.

Mruko wa kwanza unathibitisha kuwa ndege inaweza kuruka ikiwa na mtu mmoja, mafuta kiasi fulani, hewa ya asubuhi hiyo, na rubani aliyejihadhari kuliko siku nyingine yoyote. Hauonyeshi chumba cha injini kitafanya nini mchana wa jua kali, ndege ikiwa imetua dakika ishirini na kuwashwa tena, wakati joto lililonaswa chini ya kifuniko linaweza kuchemsha mafuta ndani ya bomba. Hauonyeshi chochote kuhusu kona kali. Ndege inayoingia kwenye stoli ikiwa na mwendo wa noti 50 (maili 50 za baharini kwa saa) kwenye mstari ulionyooka huingia kwenye stoli hiyohiyo ikiwa bado na noti 71 ikiinamishwa nyuzi 60 bila kupoteza kimo. Mtu asiyejua namba zake mwenyewe atakutana nazo akigeukia njia ya kutua, chini, mahali pasipo na nafasi ya kujifunza.

2. Seti iliyojaribiwa si ndege iliyojaribiwa

Hoja hii ina uzito zaidi, kwa kuwa sehemu yake ni kweli. Kampuni ya Van's Aircraft ya Aurora, Oregon, iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven, imeuza seti za ndege za RV ambazo zaidi ya 11,000 zimekamilika na kuruka. Michoro yake inajulikana, tabia zake zinajulikana. Lakini sheria ya Marekani inayomruhusu mtu binafsi kuunda ndege inadai kuwa sehemu kubwa ya kazi, asilimia 51 kama waundaji wanavyozoea kusema, ifanywe na yeye kwa elimu au burudani yake. Ruhusa yenyewe imesimama juu ya ukweli kwamba ndege hiyo si kazi ya kiwanda. Mtu hawezi kuitumia ruhusa hiyo asubuhi, na jioni akadai kuwa ndege yake imejaribiwa na kiwanda.

Ukinzani unazidi anapoanza kueleza alichofanya. Kwa fahari atasema amebadilisha mpangilio wa mafuta, amehamisha betri, ameweka injini ya gari, amechora dashibodi yake mwenyewe. Kila badiliko ni hatua moja mbali na zile ndege elfu kadhaa anazozitaja kama mashahidi wake. Hata asiyebadilisha chochote hufanya maamuzi mengi yasiyo kwenye mchoro. Eileroni na elivata, vile vibapa vinavyosogea kwenye mabawa na mkia, husawazishwa uzito kwenye bawaba zake ili zisije zikatetemeka kwa kasi. Akizipaka rangi baada ya kusawazisha, uzito umeongezeka nyuma ya bawaba na usawa umepotea. Matokeo yake, flata, ni mtetemo unaojilisha wenyewe hadi kuvunja mkia ndani ya sekunde chache. Michoro ilikuwa sahihi, seti ilikuwa sahihi. Kilichokosewa ni mpangilio wa kazi wa Jumamosi moja.

Na seti zenyewe? Mwaka 2023 Van's ilijikuta ikishughulikia vipande vilivyokatwa kwa leza ambavyo matundu yake yaliota nyufa yalipofinywa ili kupokea ribiti za kichwa bapa. Waundaji walikuwa wa kwanza kuziona, wakiwa na taa na miwani ya kukuzia. Desemba ya mwaka huo kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake, gharama za vipande hivyo zikiwa miongoni mwa sababu. Kampuni ya sifa kubwa kuliko zote katika kazi hii iliweza kupeleka dosari mlangoni mwa mteja. Mwenye kuegemea jina la seti ajiulize kama amewahi kushika taa na kuangalia tundu moja baada ya jingine.

3. Tatizo la saa 40 ni kwamba hazitoshi kama hazina kazi

FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, kwa kawaida hudai saa 25 za majaribio kwa ndege yenye injini na propela zilizoidhinishwa kufanya kazi pamoja, na saa 40 kwa nyinginezo. Wakati huo ndege haitoki eneo ililopangiwa, haibebi abiria wa matembezi, na huruka juu ya maji au sehemu zenye watu wachache na ndege chache. Wanaopinga husema saa ni kipimo kibovu. Wamesema kweli! Rubani anaweza kuzunguka uwanja wake saa 40, kwa mwendo mmoja na kimo kimoja, akamaliza akiwa hajui zaidi ya alivyojua saa ya pili. Wengi wamefanya hivyo, kisha wakaandika kwenye daftari la ndege kuwa majaribio yamekamilika.

Ila ukweli huo hauwafikishi wanakotaka kufika. Kama saa tupu hazifundishi kitu, dawa yake si kuzipunguza bali kuzijaza. FAA yenyewe imeelekea huko katika miaka ya karibuni kwa kukubali mpango unaohesabu majaribio yaliyotimizwa badala ya saa zilizopita, na chama cha waundaji ndege, EAA, kimetoa mwongozo wenye kadi za kila jaribio. Waliolalamika juu ya saa sasa wana mlango mwingine. Mlango huo unadai kazi zaidi: rubani anayeuchagua hana budi kuonyesha alichopima.

Na vya kupima ni vingi. Geji ya mwendo haisemi kweli hadi ilinganishwe na mwendo wa setilaiti kwa kuruka pande kadhaa, upepo ukiondolewa kwenye hesabu. Tundu dogo ubavuni linalopokea shinikizo la hewa iliyotulia likiwekwa mahali pabaya, au bomba lake likivuja, namba zote zinazofuata zimeharibika: mwendo wa stoli, wa kupanda, wa kutua. Stoli hujaribiwa juu kabisa, kwanza kwa upole, kisha ikiwa na flapu, kisha kwenye kona. Kasi kubwa husogelewa hatua kwa hatua, noti chache kila safari, mtu akishuka na kukagua mkia kabla ya kuongeza.

Kinachorukwa mara nyingi kuliko vyote ni uzito. Karibu majaribio yote hufanywa na mtu mmoja, na kwenye ndege yenye viti viwili vilivyofuatana kiti cha nyuma hubaki kitupu kwa miezi. Siku saa zinapotimia, mke, mtoto au rafiki huketi pale, mkoba ukiwa nyuma yake. Kitovu cha uzito kinarudi nyuma. Utulivu wa pua unapungua. Usukani unakuwa mwepesi mno mkononi. Kwa ndege hiyo, katika hali hiyo, huo ndio mruko wa kwanza, na umefanywa na mtu asiye rubani akiwa ndani. Ilikuwa kazi ya mifuko ya mchanga iliyofungwa vizuri kwenye kile kiti, ikiongezwa kidogo kidogo hadi kikomo kilichoandikwa kwenye vitabu vya ndege. Mwenye kuona kazi hiyo ni urasimu amemfanya mwanawe awe mfuko wa mchanga.

4. Aliyeiunda anaijua, je, anajua kuirusha, na je, ataiuza?

Mtu aliyetumia miaka sita akipiga ribiti anaijua ndege yake, hapana ubishi. Lakini miaka hiyo sita fedha na Jumamosi zake zilikwenda bandani, si hewani. Anafika siku ya kwanza akiwa na mikono iliyosahau, kwenye ndege iliyo nyepesi na ya haraka kuliko ile aliyojifunzia, akiwa peke yake. Utafiti wa NTSB ulipendekeza rubani wa pili mwenye sifa aruhusiwe kuwamo wakati wa majaribio, na mwaka 2014 FAA ilifungua njia hiyo. Kumkabidhi mwingine mruko wa kwanza huonekana kwa waundaji wengi kama kunyang'anywa harusi. Tamaa hiyo inaeleweka, lakini haihusiani hata kidogo na usalama wa ndege.

Ujuzi wa mwundaji una kasoro ya pili: hauhami. Kisa kinachojulikana kuliko vyote ni cha mwimbaji John Denver. Alikuwa rubani mzoefu. Mwaka 1997 alinunua Long-EZ, ndege ndogo ya muundo wa Burt Rutan yenye injini na propela nyuma na bawa dogo mbele. Mchoro wa Rutan uliiweka valvu ya kuchagua tangi la mafuta katikati ya miguu ya rubani. Aliyeiunda ndege hiyo hakutaka mabomba ya mafuta yapite kwenye chumba cha rubani, akaihamishia valvu ukutani nyuma ya bega la kushoto. Mpini wake haukuwa na alama. Vioo vya kuonyesha mafuta navyo vilikuwa nyuma ya kiti, bila alama za kusomeka, na rubani asingeviona bila kugeuka au kutumia kioo cha mkononi.

Tarehe 12 Oktoba 1997 Denver alipaa kutoka Monterey, California. Alikuwa amekataa kuongezewa mafuta kwa kuwa hangeruka muda mrefu. Alitua na kupaa tena mara kadhaa, akaelekea upande wa bahari, na karibu na Pacific Grove ndege ikaanguka majini. Akafa. NTSB ilihitimisha kuwa alikuwa akijaribu kuufikia mpini ule, na katika kujipinda akakanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, udhibiti ukapotea. Bodi haikumwacha rubani: ilitaja maandalizi hafifu, mafuta machache na mafunzo haba juu ya ndege hiyo. Lakini ilitaja pia uamuzi wa mwundaji kuiweka valvu isiyo na alama mahali pasipofikika kwa urahisi.

Ndege ile haikuwa mpya. Ilikuwa imeruka miaka mingi ikatua salama kila mara, na hakuna kilichovunjika ndani yake siku ile. Kwa kipimo cha "imeruka, imetua", ilikuwa imethibitika mamia ya mara. Jaribio ambalo lingeifichua dosari halihitaji hata kupaa: funga mkanda, keti sawasawa, weka miguu kwenye pedali, kisha badilisha tangi bila kutazama. Mtu wa kwanza kushindwa angeandika jambo hilo, na valvu ingerudishwa mahali Rutan alipoiweka. Mwundaji aliizoea. Mazoea yake hayakuwa sehemu ya mauzo.

5. Kukimbiza ndege ardhini si njia ya mkato

Wapo wanaokubali kuwa mruko wa kwanza ni hatari, wakatafuta nafuu kwa kuikimbiza ndege uwanjani kwa kasi, mara kumi, mara ishirini, "kuizoea". Kutembeza ndege polepole ili kupima breki na usukani ni lazima. Kuikimbiza karibu na mwendo wa kupaa ni jambo jingine, na mafundi wengi wazoefu hulikataza. Ndege nyepesi huinuka yenyewe kabla rubani hajaamua. Yeye hushtuka, hukata nguvu, na huangukia magurudumu, uwanja ukiwa umebaki mfupi. Breki huchemka. Injini mpya, inayohitaji nguvu kubwa na hewa nyingi ya kupoza ili ringi za pistoni zikae sawa na kuta za silinda, hupikwa kwa nguvu ndogo na hewa haba. Mwoga huyu anaiharibu injini ileile atakayoitegemea siku atakapopaa kweli.

6. Kubadilisha vipuri si kutafuta hitilafu

Hapa ndipo maoni haya hugharimu fedha nyingi, na hapa ndipo wapenda ndege wangepaswa kuudhika zaidi. Ndege mpya hutoa malalamiko: silinda moja ina joto, bawa moja linalala, injini inasita wakati wa kupanda. Desturi iliyoenea ni kuagiza kipuri. Plagi mpya, karbureta mpya, pampu mpya. Tatizo likitoweka hakuna ajuaye kwa nini. Lisipotoweka, mkoba umepungua na sasa kuna viungio vitatu vilivyofunguliwa na kufungwa upya, kila kimoja kikiwa na nafasi ya kuvuja.

Chukua silinda yenye joto. Kampuni ya injini ya Lycoming huweka kikomo cha nyuzi 260 za Selisiasi kwenye kichwa cha silinda kwa injini zake nyingi ndogo, na waundaji wengi hupenda kubaki chini ya 205. Geji inaonyesha silinda ya tatu imevuka hapo. Kabla ya kununua chochote, vihisio vya silinda mbili hubadilishana nafasi. Joto likihama pamoja na kihisio, injini haina kosa. Kosa ni la kihisio, na gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na karbureta. Likibaki palepale, hukaguliwa mabati na mipira inayoielekeza hewa kati ya mapezi ya silinda, kwa maana mwanya wa kidole kimoja unaweza kuiba hewa yote iliyokusudiwa kupoza. Ndipo huja mchanganyiko wa mafuta na hewa. Na katika saa za mwanzo joto la juu kidogo ni tabia ya injini ambayo ringi zake bado zinakaa. Anayebadilisha vipuri wakati huo anatibu ugonjwa usiokuwapo.

Au chukua silinda ambayo joto la moshi wake linaonyesha inapata mafuta pungufu kuliko wenzake, kwenye injini ya kupuliza mafuta. Washukiwa ni wawili: kipulizio kilichoziba nusu, au mwanya kwenye bomba la kuingiza hewa. Yupo anayevua vyote viwili na kuvinunua upya. Rubani mwenye kadi ya jaribio hupaa, huruka kwa nguvu kubwa kisha kwa nguvu ndogo, na kuandika namba. Mwanya wa hewa hudhihirika zaidi throto ikiwa imefungwa, kwa sababu wakati huo mvuto ndani ya bomba ni mkubwa na hewa ya nje huingia kwa nguvu. Throto ikifunguliwa tofauti hupungua. Kipulizio kilichoziba hufanya kinyume: kasoro yake hukua mafuta yanapotakiwa mengi. Mruko mmoja mfupi umetenganisha washukiwa, na bisibisi bado iko sandukuni.

Kusita wakati wa kupanda ni hatari zaidi, na kipimo chake kilipaswa kufanywa kabla ya mruko wowote. Mkia hushushwa hadi ndege ikae kwa pembe ya kupanda, bomba hufunguliwa karibu na karbureta, mafuta hukingwa kwenye chombo huku muda ukipimwa kwa saa. Mfumo unaoshuka kwa uzito wa mafuta yenyewe hutakiwa kutoa asilimia 150 ya kile injini inachotumia kwa nguvu zote, na wenye pampu asilimia 125. Injini ya kutumia lita 50 kwa saa basi iletewe 75, au 62 na nusu. Ni kazi ya mchana mmoja. NTSB ilipotaka waundaji wathibitishe kuwa mfumo wa mafuta unafanya kazi kabla ya kupewa ruhusa ya kuruka, ilikuwa ikidai mchana huo mmoja, baada ya kuhesabu injini zilizozimika.

Sharti la haya yote ni moja: badiliko moja kwa mruko mmoja, na kila kitu kwenye maandishi. Ni polepole, tena huchosha. Na daftari linalopatikana hivyo ndicho kitu pekee ambacho mnunuzi wa baadaye atarithi kutoka kwenye kichwa cha mwundaji.

7. Madai yanayostahili kupelekwa serikalini

Afrika Mashariki makofi yana sauti ya ziada. Kijana akikusanya bomba, turubai na injini ya pikipiki, mamlaka zikakataa kumruhusu aruke, hukumu ya umma hutoka mara moja: wanaua vipaji. Hasira hiyo ina chanzo cha haki. Kumwambia mtu "hapana" bila kumwonyesha hatua ya kufuata ni kumtupa, na atajaribu alfajiri, kwenye barabara ya vumbi, bila kibali na bila gari la kuzima moto.

Lakini wanaomtetea huomba kitu kisichomfaa. Huomba aachiwe apae. Marekani, inayotajwa kila mara kama mfano wa uhuru, haimwachii mtu apae tu: humtaka aonyeshe ndege kwa mkaguzi, humpangia eneo mbali na watu, humnyima abiria, na humdai uthibitisho kuwa ndege inatawalika kwa kila mwendo itakaotumia. Mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, TCAA na KCAA, ndizo zinazopaswa kuulizwa maswali yanayofuata, na kuulizwa kwa sauti. Uko wapi uwanja wa majaribio ulio mbali na makazi? Yuko wapi mhandisi wa kukagua kazi kila hatua, kabla mabawa hayajafunikwa? Nani atamfundisha kijana huyu urubani kabla injini haijawashwa, na ni rubani gani mzoefu atakayeketi badala yake siku ya kwanza? Waandishi wa habari nao, wanapofika na kamera, wana la kuuliza kabla ya kuandika "amefaulu": kitovu cha uzito kimepimwa wapi, mafuta yamepimwa vipi, na daftari la majaribio liko mikononi mwa nani.